Tambi pana za mchele za kukaanga: Penang, Singapore, Pontianak, na zipi zinapikika Kigoma

Tambi pana za mchele zilizokaangwa kwa moto mkali zinaliwa kuanzia Guangzhou hadi Jakarta, na kila mji una namna yake. Wengi wanaojaribu kuzipika nyumbani huanza kuhangaika na sosi: ipi nyeusi, ipi nyepesi, ipi inapatikana mjini. Sosi ni jambo la pili. La kwanza ni maji, yaani unyevu kiasi gani unaruhusiwa kubaki kwenye karai. Hicho ndicho kinachoitenga sahani ya Penang, kule Malaysia, na ya Singapore kabla hujafika kwenye kitoweo, na ukishakielewa unaweza kukaa Mwanga au Ujiji na jiko lako la mkaa ukachagua aina inayokufaa.

Shina la chakula hiki liko kusini mwa China, kwenye majimbo ya Guangdong na Fujian. Wateochew na Wahokkien, watu wa majimbo hayo, waliohamia Malaysia, Singapore na Indonesia walikibeba, na huko kikawa chakula cha vibarua: cha bei ndogo, chenye mafuta mengi, cha kumshibisha mtu anayefanya kazi ngumu. Kule Malaysia na Singapore kinaitwa char kway teow, Indonesia kwetiau. Kombe wadogo wa baharini waliwekwa kwa sababu walikuwa rahisi kuliko nyama, si kwa sababu ya fahari. Leo hali imegeuka, kombe wamepanda bei na wapishi wengine wameshawaacha.

Penang ndiyo inayotajwa zaidi, na inastahili. Sahani yake ni kavu. Tambi ni nyembamba kuliko za Singapore, sosi ni ya soya nyepesi na tone tu la ile nyeusi kwa ajili ya rangi, na hakuna utamu wa kuonekana. Ndani kuna kamba, kombe, soseji kavu tamu ya Kichina, yai, choroko zilizochipua, majani ya kitunguu cha Kichina, pilipili ya kusaga na mafuta ya nguruwe pamoja na vipande vyake vilivyokauka. Wanaotaka zaidi huomba yai la bata. Wapishi wa zamani walitumia mkaa, na wachache bado wanautumia.

Muuzaji wa Penang hupika sahani moja moja, hata foleni ikiwa ndefu. Si maringo. Gramu 200 za tambi zikiingia kwenye chuma cha moto, joto linashuka kidogo na kurudi baada ya sekunde chache. Zikiingia gramu 800, maji yaliyomo ndani yake yanatoka kwa mpigo, joto linaganda kwenye nyuzi 100 na linabaki hapo mpaka maji yaishe. Hapo hukaangi tena, unachemsha. Tambi zinavimba, zinashikana, zinakatika, na ile harufu ya moshi ambayo ndiyo roho ya sahani haitokei kamwe. Yeyote anayepikia watu sita kwa karai moja kwa mkupuo mmoja atapata bokoboko, hata awe na sosi bora namna gani.

Singapore wanafanya tofauti kwa makusudi. Huchanganya tambi pana za mchele na tambi za njano za ngano, huongeza vipande vya keki ya samaki, na humwagia sosi nzito nyeusi iliyo tamu. Sahani inatoka nyeusi, laini, yenye ute. Hitilafu yake ya kawaida ni uchungu: sukari ya ile sosi ikigusa chuma mapema inaungua kabla tambi hazijapata moto. Sosi tamu iingie mwishoni, kijiko kimoja kimoja, ikifuatiwa na vijiko viwili vya maji au supu ili isambae. Kwa maoni yetu hii ndiyo aina rahisi zaidi kwa anayeanza, kwa sababu unyevu wake unasamehe moto dhaifu.

Vibanda vya Wamalay Waislamu vina aina ya tatu, inayoitwa basah, yaani yenye unyevu, na kaskazini mwa Malaysia, huko Kedah, utaikuta sana. Hakuna nguruwe wala soseji. Vichwa vya kamba huchemshwa kupata supu, na kiasi cha mililita 100 hadi 150 huingia kwenye kila sahani tambi zikishapata moto, halafu hupunguzwa mpaka ibaki rojo inayofunika tambi. Anayesema kwamba bila mafuta ya nguruwe hakuna char kway teow hajala hii.

Ng'ambo ya mlango-bahari wa Malaka, mji wa Medan, Indonesia, wanapika karibu sawa na Penang. Pontianak, kwenye kisiwa cha Borneo, ni mji wa nyama ya ng'ombe: minofu, utumbo, wakati mwingine vipande vya nyama ya kuchemsha, vyote na kecap manis, sosi ya soya iliyopikwa na sukari ya mnazi hadi ikawa nzito kama asali. Kwa mtu aliyezoea supu ya utumbo asubuhi, Pontianak ndiko kwa kuanzia. Kecap manis ya dharura inatengenezeka: mililita 100 za sosi ya soya na gramu 90 za sukari guru, moto mdogo, dakika 8 hadi 10, mpaka ishike mgongo wa kijiko. Asali ya Tabora tunaipenda kwenye chai, lakini humu haifai. Inaungua haraka, na harufu yake ya msituni inafunika kila kitu.

Guangzhou kwenyewe, sahani mashuhuri ni ya nyama ya ng'ombe na tambi pana, kavu, bila yai na bila pilipili. Nyama hupitishwa kwenye mafuta kwanza, hutolewa ikiwa imeiva robo tatu, kisha hurudishwa mwisho. Mpishi hurusha karai badala ya kukoroga, maana mwiko huvunja tambi. Kipimo cha kazi yake ni sakafu ya sahani: ukimaliza kula ukakuta dimbwi la mafuta, amekosea. Hapa kwetu tatizo si karai bali nyama, kwani ng'ombe wetu ametembea sana. Kata minofu kukatisha nyuzi zake, unene wa milimita 3, ipake kijiko kimoja cha chai cha papai bichi lililokwaruzwa kwa kila gramu 250, iache dakika 20, ioshe na kuikausha, ndipo uipake soya na wanga. Ukiiacha saa nzima kwenye papai itakuwa uji.

Thailand wana mbili za kujua. Pad see ew ni ndugu wa karibu: tambi pana, yai, soya nyeusi, mboga ya majani yenye shina nene. Sukuma wiki changa inakaa vizuri mahali pake. Pad thai ni jambo jingine kabisa. Tambi zake ni nyembamba na kavu, huloweshwa tu bila kuchemshwa, na ladha hutoka kwenye ukwaju, sosi ya samaki na sukari ya mnazi au mvumo. Ilienezwa na serikali ya Plaek Phibunsongkhram, waziri mkuu kuanzia 1938 hadi 1944, katika kampeni ya kuhimiza wananchi kula tambi na kujenga utaifa. Ukwaju tunao, karanga tunazo. Anayeishi Tabora na hana kamba wala samaki wabichi, pad thai itamfaa kuliko zote.

Zile nyembamba kama uzi ni ukoo mwingine: za Hsinchu kule Taiwan zinazokaushwa kwa upepo, pancit bihon ya Ufilipino, na zile za bizari ambazo migahawa ya Hong Kong huziita "za Singapore" ilhali Singapore si kwao. Tuziache.

Sasa Kigoma. Tambi zinazojaa madukani ni za ngano, kwa hiyo soma pakiti kabla ya kulipa. Za mchele, zikipatikana, huwa zimekauka na zimesafiri kutoka Dar es Salaam. Chagua zenye upana wa milimita 5 hadi 10. Kosa la kila siku ni kuzichemsha. Ziloweke kwenye maji ya kawaida dakika 40 hadi 60. Ziwe zinapinda bila kuvunjika lakini ukiuma katikati bado zina ugumu, maana ugumu huo utaisha kwenye karai. Zichuje, zitandaze kwenye ungo dakika 15 zipoteze maji ya juu, kisha zipake kijiko kimoja cha mafuta. Gramu 100 kavu zinatoa sahani moja.

Lakini tambi mbichi ni bora mno, na mwenye kujua kupika vitumbua tayari anajua nusu ya kazi. Tumia mchele wa zamani, ule wa wali unaochambuka. Mchele mpya una unato mwingi, na tambi zake zinaganda mkononi. Unga wa mchele wa mashineni mara nyingi ni mkavu na wa chengachenga, hivyo loweka mchele gramu 200 usiku kucha, uchuje, uusage kwenye blenda na maji mililita 450 mpaka ukisugua kati ya vidole usisikie mchanga. Ongeza wanga wa muhogo gramu 50, chumvi nusu kijiko cha chai, mafuta kijiko kimoja cha chakula. Acha nusu saa.

Kuhusu wanga huo: si unga wa muhogo wa ugali. Ule umevundikwa, utaleta uchachu na rangi ya kijivu. Kwaruza muhogo mtamu mbichi, ukamue kwenye kitambaa na maji mengi, uache maji yatulie saa mbili, uyamwage taratibu. Tope jeupe lililobaki chini ndilo wanga. Likaushe kabla ya kulipima. Muhogo mchungu usiuguse kwa kazi hii. Ukikosa muda, wanga wa mahindi wa dukani unatosha, ila tambi zitakuwa na mnyumbuko mdogo.

Chukua bati la keki la duara lenye upana wa sentimita 24, lipake mafuta, liweke juu ya kigoda ndani ya sufuria pana yenye maji yanayochemka. Koroga mchanganyiko, mimina mililita 80, tikisa usambae, funika dakika 3 hadi 4. Mfuniko ufunge kwa kitambaa, la sivyo matone yatatoboa karatasi yako ya tambi. Ikiwa imeiva inang'aa na kuinuka mapovu. Toa bati, liweke juu ya maji baridi dakika moja, paka mafuta juu, bandua, pandanisha. Utapata karatasi tisa hivi. Zikipoa kabisa, kunja na ukate upana wa sentimita 1.

Neno "koroga" hapo juu lina uzito. Mchele unazama chini kila baada ya dakika, na usipokoroga kabla ya kila mmimino, karatasi za kwanza zitakuwa laini za kuchanika na za mwisho ngumu za kupasuka, na utaulaumu mchele bure. Karatasi zote zikipasuka, maji hayakutosha au umetoa mapema. Zikiwa na mawimbi na mashimo, maji yalichemka kwa fujo, punguza moto. Tambi zitumike siku hiyohiyo. Kwenye friji zinakakamaa na kukatika kama chaki, na ikibidi zilale humo, zipitishe kwenye mvuke dakika mbili kabla ya kukaanga. Nje zisilale, kwa joto la hapa zitachacha.

Choroko za kuchipua huanza siku tatu au nne kabla. Gramu 100 zinatoa zaidi ya nusu kilo. Loweka saa 10, weka kwenye kopo lililotobolewa matundu chini, funika kwa kitambaa kibichi na uzito kidogo juu, weka gizani, mwagia maji mara nne kwa siku na uyaache yapite yote. Mwanga unazifanya ziwe kijani na chungu. Harufu mbaya ina maana maji yalituama. Uzito wa juu ndio unaozinenepesha, bila huo zinarefuka na kukonda.

Kamba na kombe wa baharini hawapo ziwani. Dagaa wa Tanganyika wapo, na wanaziba pengo la kombe vizuri kuliko tulivyotarajia kwa kuwa wanaleta chumvi na umami (ile ladha nzito kama ya supu) ule ule wa kitu kidogo cha majini. Nunua wa kuanikwa kwenye vichanja, mialo ya Kibirizi au Katonga, si wa mchangani, maana chembe moja ya mchanga inaharibu sahani nzima. Toa vichwa na matumbo, wakaange pekee mpaka wakauke, uwatie mwisho kabisa. Wakiingia mapema wanalainika na kuchafua rangi. Ziwa linapofungwa kupumzisha uvuvi, kama Mei 15 hadi Agosti 15 mwaka 2024, tumia akiba ya kukausha. Migebuka mibichi usiikaange humu, nyama yake inasambaratika. Kuhe, samaki mwingine wa ziwa, inavumilia: vipande vya sentimita 2, wanga kidogo, kaanga kando, rudisha mwisho.

Mafuta. Wengi mjini hawatumii nguruwe, na mafuta ya ng'ombe yanaganda midomoni chakula kikipoa. Mafuta ya kuku ndiyo jibu. Gramu 200 za ngozi na mafuta ya kuku wa kisasa, maji vijiko vitatu, moto mdogo dakika 25, unapata kama mililita 100, na ngozi iliyokauka unaivunjavunja juu ya sahani. Mawese je? Haiwezekani kuandika kuhusu chakula cha Malaysia ukiwa Kigoma ukayaruka. Mashamba makubwa ya michikichi ya kule yametokana na mti wa Afrika. Miche minne ilipandwa Bogor, kisiwa cha Java, Indonesia, mwaka 1848, na shamba la kwanza la biashara Malaysia likaanza Selangor mwaka 1917. Lakini mafuta wanayokaangia wao yamesafishwa. Mawese yetu mekundu kwenye karai lenye moto mkali yanapoteza rangi, yanatoa moshi mzito na kufunika ladha ya tambi. Mahali pake ni kwenye pilipili. Loweka pilipili kavu nyekundu gramu 30, zisage na vitunguu maji viwili vidogo, punje tatu za kitunguu saumu na kijiko kimoja cha chakula cha dagaa wa kusaga. Kaanga kwa mililita 100 za mawese, moto mdogo, dakika 15 hadi 20, mpaka mafuta yajitenge juu. Kijiko kimoja cha chai kwenye sahani kinaleta rangi na harufu yote unayohitaji.

Karai liwe la chuma, lile la kukaangia maandazi, upana wa sentimita 35 hadi 40. La aluminiamu linashika. Vikaango vyenye mipako ya kutoshika visitumike, maana mipako hiyo huanza kuharibika joto likipita nyuzi 260, na hapa tunapita. Jiko la mkaa ni faida, si upungufu. Toa vyuma vya juu vinavyoshikilia sufuria ili karai likae karibu na makaa, tumia mkaa mgumu wa miombo, na mtu mmoja apepee kwenye mlango wa jiko muda wote wa kupika. Gesi ya mtungi mdogo inaweza, ila shusha kiasi hadi gramu 150 za tambi kwa mkupuo.

Kwa sahani moja ya mtindo wa Penang, kila kitu kiwe mkononi kabla ya kuanza: tambi mbichi gramu 200 zilizoachanishwa, choroko gramu 70, majani ya vitunguu yaliyokatwa urefu wa kidole, yai moja, saumu punje mbili, dagaa kiganja kimoja, na sosi iliyokwisha changanywa: soya nyepesi kijiko kimoja cha chakula, soya nyeusi nusu kijiko cha chai, sukari robo kijiko cha chai, maji kijiko kimoja cha chakula. Pasha karai tupu mpaka tone la maji liteleze badala ya kuchemka. Mafuta vijiko viwili, saumu sekunde 5, tambi na ile pilipili ya mawese. Zitandaze, usiziguse sekunde 15, ndipo uzigeuze. Sosi imwagwe ukingoni mwa karai, siyo juu ya tambi, ichemke kwenye chuma kabla ya kuzifikia. Geuza sekunde 20. Zisogeze kando, tia nusu kijiko cha mafuta kwenye uwazi, vunja yai, lichane mara mbili, na likiwa limeshika nusu lifunike kwa tambi. Hesabu 10, geuza. Choroko na majani, sekunde 20. Dagaa, epua. Jumla haizidi dakika mbili na nusu.

Yai likipotea na kugeuka utando juu ya tambi, ulilikoroga likiwa bichi. Choroko zikitoa maji, ulichelewa kuepua. Tambi zikishika chini, karai halikuwa na moto wa kutosha zilipoingia. Ziache zijikaange na kujibandua zenyewe, kuzikwangua ndiko kunakozivunja.

Kwa watu wanne unapika mara nne, ukifuta karai kwa kitambaa kikavu kila baada ya sahani, na anayepikiwa kwanza anakula kwanza. Ukiwa na wageni wa heshima wanaopaswa kula pamoja, pika ya basah, inavumilia kusubiri dakika kumi. Kiporo hakirudi kwenye karai moja kwa moja. Kipitishe kwenye mvuke dakika tatu, ndipo ukipe moto mkali sekunde 30 na kijiko cha mafuta.